Pembe Iliyokuwa Jino

Wako watu wachekao wasikiapo habari za vyumba vya maajabu vilivyokuwa Ulaya katika karne ya 16 na ya 17. Husema kuwa vilikuwa ghala za takataka za wenye fedha: mamba mkavu ametundikwa darini, kama katika nyumba ya Ferrante Imperato, mwuza dawa wa Naples, na chini yake makombe, mawe na mifupa, vyote vimechanganyika kama shehena ya jahazi lililopasuka mwambani. Msomaji, usiwe mwepesi wa kucheka pamoja nao.

Fikiri habari ya pembe. Kwa muda mrefu wafalme wa Ulaya walinunua kwa mali nyingi pembe ndefu iliyosokotwa kama kamba. Waliamini kuwa ilitoka kwa mnyama mfano wa farasi, mwenye pembe moja katika paji la uso, na kwamba ilikuwa kinga ya sumu. Nani alimwona mnyama huyo? Hapana hata mmoja. Lakini alikuwa ameandikwa katika vitabu vikubwa, na wenye elimu wakatosheka. Ole Worm, tabibu wa Copenhagen, mwenye chumba cha namna hii, hakutosheka. Alikuwa na fuvu ambalo pembe ile ingali imeshikamana nalo. Alilitazama, akaona kuwa halikuwa fuvu la farasi. Lilikuwa la narwali, mnyama wa jamii ya nyangumi akaaye katika bahari za barafu. Na pembe yenyewe haikuwa pembe, ilikuwa jino. Hayo aliyaeleza mwaka 1638. Nakiri kuwa hata yeye hakuitupa mara moja imani ya kwamba jino hilo hushinda sumu. Macho hutangulia, moyo hufuata kwa kuchechemea.

Basi mpumbavu alikuwa nani? Aliyeweka mifupa chumbani, au aliyesoma habari ya mnyama asitake kuuona mfupa wake? Nawe unayekariri sehemu za ua ili ushinde mtihani, umepata kulipasua ua moja kwa mkono wako? Siulizi kwa kiburi. Katika chuo nilichojifunzia ualimu palikuwa na kabati la kioo lenye mafuvu ya wanyama. Halikufunguliwa hata siku moja. Tulinakili picha za mafuvu kutoka ubaoni, na mwalimu aliyezichora alikuwa amelipa kabati kisogo.

Shtaka moja dhidi ya wakusanyaji nalikubali. Utajiri wa Hans Sloane, ambaye mkusanyo wake ulikuwa msingi wa Makumbusho ya Uingereza mwaka 1753, ulitokana kwa sehemu na mashamba ya miwa ya Jamaica yaliyolimwa na watumwa. Aibu hiyo haioshwi na elimu yoyote.

Lakini wasemao kuwa vitu vile vilikuwa vumbi tu, na waende Oxford. Huko, katika mkusanyo wa akina Tradescant uliowekwa katika jumba la Ashmolean lililofunguliwa mwaka 1683, alikuwamo dodo, ndege wa kisiwa cha Mauritius aliyekwisha kutoweka duniani. Amebaki kichwa na mguu. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza walichokiona katika chembe za urithi zilizotolewa katika kipande kidogo cha mfupa wake: dodo alikuwa jamaa ya njiwa.