Chukua Jembe Ukalime?

Kuna methali ningependa tuistaafishe, angalau kwa muda: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Huku Nambilanje, wilayani Ruangwa, ushauri huo unatekelezeka kirahisi. Majembe yapo, na kazi ya ufuta na mbaazi haiishi. Kilio kikisikika nyumba ya pili, watu wanakumbuka shamba.

Wenye mpira nao wana jembe lao. Mchezaji maarufu akituhumiwa kumpiga mkewe, kwenye redio na vijiweni majibu ni yaleyale: hayo ni mambo ya familia, tuiachie mahakama, yeye kazi yake ni kufunga magoli. Huku Ruangwa tuna timu yetu, Namungo, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Simtuhumu mchezaji wake yeyote wala wa timu nyingine. Nahoji hoja yenyewe, maana haina ukweli hata kidogo kwamba michezo husubiri mahakama.

Hebu tukumbushane. Ligi yetu imezitoza klabu faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi. Imeziadhibu kwa vitendo “vinavyoashiria imani za kishirikina”. Ninyi wasomaji mnajua uzito wa neno. Vinavyoashiria! Hapo hakuna hakimu wala ushahidi wa kitaalamu, dalili peke yake inatosha. Julai 2022 Kamati ya Maadili ya TFF ilimfungia Haji Manara, msemaji wa Yanga wakati huo, miaka miwili na faini ya shilingi milioni 20, kwa maneno aliyomtolea rais wa shirikisho. Sibishani na adhabu hiyo. Nauliza tu: kama ulimi unaweza kuhukumiwa bila kwenda mahakamani, kwa nini ngumi isubiri?

Wamarekani walishajifunza somo hili kwa aibu. Februari 2014 Ray Rice, mchezaji wa Baltimore Ravens, alimpiga mchumba wake ndani ya lifti ya hoteli moja ya Atlantic City hadi akazimia. Video ya kwanza ilimwonyesha akimburuta kutoka nje ya lifti. Ligi, NFL, ikampa adhabu ya mechi mbili. Septemba 8 ikatoka video ya ndani ya lifti, na siku hiyohiyo timu ikamtema, ligi nayo ikamfungia kwa muda usiojulikana. Ngumi ilikuwa ileile ya Februari. Kilichobadilika ni kwamba sasa watu wote walikuwa wameiona.

Halafu, Novemba, jaji mstaafu Barbara Jones akaifuta adhabu hiyo ya pili, kwa kuwa ligi ilikuwa imemwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja. Mnaona? Adhabu inayoletwa na kelele hubomoka kelele zikipoa. Ndiyo maana kanuni lazima iandikwe mapema, kabla hatujajua mshtakiwa ni nyota wa timu ipi.

Ligi ya besiboli ya huko ilifanya hivyo Agosti 2015, kwa makubaliano na chama cha wachezaji. Kamishna anaweza kuchunguza na kuadhibu hata pasipo hukumu ya mahakama. Mtuhumiwa anaweza kusimamishwa kwa muda akiendelea kulipwa, na akiadhibiwa ana haki ya kukata rufaa. Machi 2016 Aroldis Chapman alifungiwa mechi 30, ingawa waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi.

Najua mtasema: je, akisingiziwa? Ndiyo kwanza anahitaji uchunguzi wenye utaratibu, badala ya kuhukumiwa na mitandao. Mahakama huamua kama mtu afungwe jela. Ligi huamua kama avae jezi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili halihitaji pingu.

Pingamizi gumu zaidi ni lile la wanawake wenyewe: akifungiwa, watoto watakula nini? Hili silidharau. Mke anaweza kunyamaza kwa sababu mshahara wa anayempiga ndio unga wa nyumbani. Basi kanuni iseme kwamba mshahara hautakatika wakati wa uchunguzi, na faini isiishie kwenye mfuko wa shirikisho huku nyumba ikilala njaa. Tukimwachia mke peke yake uzito wa kuamua, tunajua atakachoamua.

Samuel Wanjiru, Mkenya aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alishtakiwa Desemba 2010 kwa kutishia kumuua mkewe. Mke akaondoa malalamiko, wawili wakapatana hadharani, watu wakachukua makapu. Mei 2011 Wanjiru alikufa kwa kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu. Siwezi kusema adhabu ingemwokoa. Nasema tu kwamba kupatana mbele ya kamera hakukuwa mwisho wa shida ya nyumba ile.

Na michezo haiwezi kudai kwamba nyumbani ni nje ya uwanja. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani. Rebecca Cheptegei wa Uganda alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, akafa Septemba 2024, wiki chache baada ya kukimbia Paris. Hao walikuwa wanamichezo wenyewe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo ina zaidi ya nusu karne. Ninachodai kwa Bodi ya Ligi ni ukurasa mmoja unaolitaja kosa hili kwa jina lake: kumpiga mke. Wasilifunike kwa “utovu wa nidhamu” wala “mambo ya familia”. Wanaoweza kuona dalili za uchawi kwenye nyasi hawatashindwa kuona jicho lililovimba.