Fidia ya Bandari ya Lamu: Wavuvi Wamehesabiwa, Mikoko Je?



Ndugu zetu wa Pate, Siyu na Kizingitini wanauliza: je, fidia ya bandari ya Lamu ni halali kwa mvuvi? Jibu ni fupi. Ni halali. Aliyeharibu riziki ya mwenziwe ni juu yake kulipa, na aliyedhuriwa akipokea hajala rushwa wala sadaka. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mahakama ilisema pia kwamba wenyeji walinyimwa haki yao ya kupewa habari na ya mazingira safi.

Linalotushughulisha sisi ni jingine: je, malipo hayo yamemaliza deni?

Ili meli kubwa zifunge gatini katika Ghuba ya Manda, bahari ilichimbwa hadi kina cha mita 17.5. Mikoko iliyokatwa kupisha ujenzi kila mtu aliiona. Tope ndilo lisiloonekana upesi. Bahari ikichimbuliwa, tope laini huchukuliwa na mkondo, likaenda kutua mbali, penye miti ambayo hakuna aliyeigusa. Mchu hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya ardhi. Vikifukiwa kwa sentimita 10 tu, mti waweza kufa umesimama. Maji yakichafuka, mwangaza haufikii nyasi za bahari. Na ni baina ya mizizi hiyo ya mikoko ambapo kamba, kaa na samaki wachanga hujificha mpaka wakue. Kwa hiyo hasara si ya mavuno ya mwaka mmoja. Mwenye dau dogo hawezi kwenda bahari kuu wakati wa kusi, hata akipewa pesa.

(Mwaka huohuo wa 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakataji boriti wa Lamu wakakaa bila kazi. Shoka la maskini lilizuiwa haraka.)

Fidia ile ni ya wavuvi. Mama anayeokota kaa na chaza ufukweni hana leseni ya uvuvi wala chombo, lakini watoto wake hula kutoka hapohapo. Mtoto ambaye hajazaliwa hana wakili. Katika fiqhi, vitu vya umma haviuzwi na mtu mmoja kwa niaba ya wote: mvuvi akitia sahihi amepokea haki yake mwenyewe, hajausamehe msitu. Na kanuni ya wanazuoni ni kwamba kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa. Hatupingi bandari. Vijana wetu wanahitaji kazi.

Lakini bandari hii imepangwa kuwa na magati 23, na yaliyojengwa ni matatu. Uchimbaji haujaisha. Basi wazee wa mitaa na maimamu waombe tathmini ya mazingira kabla mashine hazijarudi, isomwe barazani kwa Kiswahili, na iulizwe wazi: tope litatupwa wapi, nani atapima maji, na kazi isimamishwe yakichafuka kiasi gani? Miche nayo ipandwe inapoota kwa desturi yake. Kupanda mkoko mahali pa mchu ili tu picha ipigwe ni israfu.

Wallahu aalam.