Chama Kipungukiwapo na Watu



Aghalabu chama cha siasa kikipungukiwa na watu, wakubwa wake huchapisha kadi mpya na kuzidisha mikutano. Mimi naona dawa hainywewi kabla ya kuujua ugonjwa.

Natutazame mambo ya Tanganyika. African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, nao makarani na waalimu ndio waliokuwa nguzo zake. Mwaka 1953 Serikali ya Mwingereza iliwakataza watumishi wake kuwa wana-chama wa siasa, na nguzo hizo zikaondolewa. Je, nyumba ilianguka? La. Tarehe 7 Julai 1954 chama kiligeuzwa kuwa TANU, kikatamka wazi neno kilitakalo, yaani kujitawala, kikawafungulia mlango watu wasiohesabiwa zamani. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alianza kuwaongoza wanawake, nao wakaingia kwa maelfu.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, neno lile lililowakusanya watu lilikuwa limekwisha timia. Ndipo tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipoacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Bwana Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama upya. Ni wakubwa wangapi leo wawezao kuacha kiti kwa ajili ya matawi?

Wako wasemao kwamba watu hutoka kwa uvivu au kwa kununuliwa. Labda wamo wa namna hiyo. Lakini tangu sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992 mtu asiyesikilizwa anao mlango mwingine wa kuingia, au hukaa kwake kimya. Huyu wa pili ndiye hasara kubwa, maana jina lake lingali daftarini na moyo wake umekwisha ondoka.

Basi yakipasa chama mambo matatu. Kwanza, kusafisha daftari, wafu na waliohama wafutwe, ijapokuwa hesabu itaaibisha. Sisi makarani twajua kwamba hesabu ya uwongo haimsaidii mtu. Pili, tawi lichague viongozi wake lenyewe, wala lisiletewe majina kutoka juu. Tatu, hesabu ya ada isomwe mbele ya waliolipa.

Nyumba njema si mlango. Aingiaye akikuta hana pa kukaa, atatoka tena, wala hatabisha hodi mara ya pili.

Ni mimi, Karani mwenzenu.