Ini la Mnywaji wa Kampala na Dawa ya Kunyamazisha Jeni

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 iliipa Uganda lita 9.5 za alkoholi halisi kwa mwaka kwa kila mtu wa miaka 15 na zaidi, mojawapo ya viwango vya juu barani Afrika. Ukiwaondoa Waislamu, walokole na wengine wasioonja kabisa, fungu la kila anayekunywa linatisha.

Sasa kuna dawa ya majaribio inayolenga maini ya watu kama hao. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba waliozaliwa na jeni ya HSD17B13 isiyofanya kazi hupata sirosisi, yaani ini kujaa makovu, kwa nadra kuliko wenzao, hata wakiwa wanywaji. GSK ya Uingereza ilinunua haki za dawa ya kuinyamazisha jeni hiyo kutoka Arrowhead ya Marekani mwaka 2021, na inaijaribu kwa wagonjwa wa ini walioathiriwa na pombe. Hudungwa chini ya ngozi. Haigusi jeni yenyewe. Huharibu ujumbe wa RNA kabla ini halijautumia kutengeneza protini.

Jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Hitilafu hiyo inayolinda ini ni adimu kwa watu wa asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu na watu wa Asia Mashariki. Maana yake wengi wetu tunayo jeni hiyo ikiwa hai, nayo ndiyo inayolengwa. Jeni nyingine inayowindwa na makampuni ni PNPLA3, lakini aina yake inayohatarisha ini imetapakaa zaidi Amerika ya Kusini kuliko kwetu. Kwa hiyo huenda dawa ya HSD17B13 ikatufaa kuliko ya PNPLA3. Nasema huenda, kwa sababu hakuna atakayejua mpaka Waafrika waingizwe kwenye majaribio.

Na Uganda si mgeni wa utafiti. Vinasaba vya watu zaidi ya 6,000 wa eneo la Kyamulibwa vilichunguzwa kwa ushirikiano na taasisi ya virusi ya Entebbe, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Miaka ishirini kabla yake, jaribio lililofanyika hospitali ya Mulago liliionyesha dunia kwamba dawa ya nevirapini hupunguza karibu nusu ya maambukizi ya virusi vya ukimwi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hata hivyo dawa kamili za kurefusha maisha ziliendelea kwa miaka kuwa za wenye fedha, na wengine wakazikwa wakizisubiri. Tulitoa miili yetu, bei wakapanga wengine.

Wapo watakaosema tuiachie Ulaya sayansi hii, sisi tupambane na chupa. Siafikiani nao, ila wana hoja: dawa hii ina mipaka. Ini la Mganda haliharibiwi na pombe peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 4.3 ya watu wazima wana homa ya ini B, na sumukuvu ya karanga na mahindi nayo ina mchango wake. Sindano ya kunyamazisha jeni haitaua kirusi wala haitasafisha ghala. Chanjo na kipimo cha homa ya ini vipo tayari, tena kwa bei tunayoimudu.

Kuhusu chupa yenyewe, tumesuasua. Tanzania ilipiga marufuku viroba vya pombe kali Machi 2017, sisi tukafuata 2019. Muswada wa mbunge Sarah Opendi wa kubana saa za kuuza pombe ulikataliwa bungeni mwaka 2024, huku kodi na ajira za viwanda zikitajwa. Gharama ya kuwatibu wanywaji wodini haikupata mtetezi mwenye sauti kama hiyo.

Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, ambalo huidhinisha utafiti nchini, lisipitishe jaribio lolote la dawa hizi bila ahadi iliyoandikwa ya bei ambayo hospitali ya serikali itaimudu. Wabunge nao waurudishe muswada mezani, safari hii Wizara ya Afya ikiwa imeleta hesabu ya wodi.