Mashua kuukuu ya faiba: bei ya Dar si bei ya Kigoma

Mfanyabiashara wa Tabora aliyepata faida ya asali au tumbaku na anayetafuta mahali pa kuiweka, huenda akavutiwa na mashua ndogo ya matanga, ya faiba, iliyotumika pwani miaka mingi na sasa inauzwa Dar es Salaam kwa bei ya kutupa. Hesabu yake ni kuipeleka Kigoma ibebe watalii kando ya Ziwa Tanganyika.

Wazo si baya. Hifadhi ya Gombe hufikiwa kwa boti, upepo wa kusi huvuma kiangazi, na mafuta ya injini husafirishwa zaidi ya kilometa 1,200 kutoka pwani.

Hatari imo njiani. Njia ni ileile ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, ambako bei ya mzigo ilipanda kwa kila hatua ya mpagazi. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, lakini kanuni haikubadilika. Chukua mfano: mashua shilingi milioni 8, usafiri milioni 6, matanga mapya na matengenezo milioni 7. Aliyedhani amenunua kwa milioni 8 ametoa milioni 21 kabla ya abiria wa kwanza.

Faiba haishiki kutu wala hailiwi na wadudu, lakini huzeeka kwa ndani. Ganda ligongwe kwa nyundo ndogo: mlio mzito usio na mwangwi ni dalili kwamba matabaka yameachana. Sitaha ikibonyea chini ya kisigino, huenda mbao iliyo katikati imeoza. Bolti za mkuku na waya za mlingoti zichunguzwe moja moja.

Umri peke yake si kasoro. Meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiibua 1924, nayo ikarudi kazini 1927. Chombo kuukuu kina thamani ya matunzo yake.

Kwa hiyo mnunuzi makini ampeleke fundi kwanza, aulize masharti ya ukaguzi wa TASAC, kisha aanze na gharama zote za Kigoma akirudi nyuma hadi bei ya Dar. Muuzaji akikataa mashua isigongwe, fedha zibaki Tabora. Usione vyaelea, vimeundwa.