Kukata pingili hakuponyi cheni iliyochoka

Kwa waendesha baiskeli wengi wa Tarime na Serengeti, dawa ya cheni inajulikana. Ikilegea, gurudumu la nyuma linavutwa. Ikilegea tena, fundi anashika nyundo na msumari, anatoa pini, anakata pingili na safari ya Nyamongo au Mugumu inaendelea. Cheni imebana, mwenye baiskeli anaamini imepona. Wapi!

Chuma hicho hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake, kwa vumbi na tope, na zaidi ile oili chafu ya pikipiki inayomwagwa juu ya mchanga bila hata kufuta. Kila pingili inalegea kidogo, zikijumlishwa cheni inarefuka. Ukikata moja, zilizobaki bado zimeachana na zinaendelea kutafuna meno ya gia.

Rula ya mwanafunzi inamaliza ubishi. Tumia upande wa inchi: sifuri ikae katikati ya pini moja, cheni ikiwa imevutwa. Kwenye inchi 12 lazima ukute katikati ya pini nyingine. Ikipitiliza milimita 1.5 hivi, baiskeli ya gia nyingi inadai cheni mpya. Phoenix ya gia moja ni ngumu, huvumilia zaidi, ila ikifika milimita 3 hapo hakuna mjadala.

Anayechelewa analipa mara mbili. Cheni mpya ikikutana na meno yaliyochongoka kama ya papa, inaruka, kisha muuza duka anaitwa mwizi aliyeuza feki. Kumbe gia nayo ilitakiwa kubadilishwa.

Kwenye milima ya Tarime, na mkungu wa ndizi nyuma, kuruka huko si utani. Mguu unakanyaga hewa, goti linagonga chuma. Kwa zile baiskeli zinazofunga breki kwa kurudisha pedeli, cheni ikikatika mteremkoni breki nayo imekwenda.

Mwaka 2010, Andy Schleck alipoteza jezi ya njano ya Tour de France siku ambayo cheni yake iling'oka mlimani, na yake wala haikuwa ya kukatwa pingili. Kijana anayejiandaa na mbio za Kanda ya Ziwa akiwa na baiskeli ya mizigo aipime wiki mbili kabla, apate muda wa kuona kama cheni mpya inakubaliana na gia ya zamani.