Jani la Mchungwa Likigeuka Manjano, Tazama Kwanza Kabla ya Kununua Dawa



Iko desturi moja vijijini mwetu ambayo naona yafaa tuiache. Mtu akiona majani ya mchungwa wake yamegeuka manjano, hukimbia dukani kuomba "dawa ya manjano". Mwenye duka naye, kwa kuwa hakuuona mti, humpa chupa iliyo karibu na mkono wake. Fedha zimekwenda, dawa imepulizwa, na mti wazidi kudhoofika. Dawa ya manjano haiko, kwa sababu manjano si ugonjwa mmoja. Ni kama homa kwa binadamu: yaonyesha kwamba kuna jambo, lakini haisemi ni jambo gani.

Wengine husema kwamba mambo haya ni ya wenye mashamba makubwa ya Makueni au Kwale, na kwamba mwenye michungwa miwili na mlimau mmoja nyuma ya jiko hana haja ya kujisumbua. Mimi sikubaliani nao. Miti hiyo michache ndiyo inayowapa watoto matunda, na machungwa yanayobaki huuzwa yakaleta sukari na chumvi nyumbani. Tena, kama nitakavyoeleza, mti mmoja wa nyumbani waweza kuharibu shamba zima la jirani.

Kulisoma jani hakuhitaji darubini. Jiulize maswali mawili. La kwanza: yaliyogeuka manjano ni majani ya zamani, au ni majani machanga yaliyo kwenye machipukizi? La pili: manjano hayo yameenea namna gani juu ya jani?

Majani machache ya zamani yakigeuka manjano na kuanguka, usihangaike. Kila jani lina umri wake. Lakini yakiwa mengi, na jani zima limepauka sawasawa pamoja na mishipa yake, mara nyingi mti una njaa ya naitrojeni. Upe samadi iliyooza vizuri, kama madebe mawili kwa mti mkubwa, mvua zinapoanza. Itandaze chini ya matawi, wala usiirundike kwenye shina. Kama manjano yako kandokando ya jani la zamani, na karibu na kikonyo imebaki alama ya kijani mfano wa ncha ya mkuki, huo ni upungufu wa magnesiamu. Chumvi ya haluli ikiyeyushwa katika maji na kunyunyizwa majanini husaidia.

Majani machanga yakiwa manjano na mishipa yake imebaki kijani kama wavu, mti haupati madini ya chuma. Jambo hili huonekana hasa katika udongo wenye chokaa nyingi, kama ule wa matumbawe pwani. Mara nyingi chuma kimo udongoni, lakini mizizi haiwezi kukichukua. Hapo ndipo majivu yanapoleta madhara. Wengi wetu hudhani majivu ni dawa ya kila kitu, kumbe katika udongo wa namna hiyo huzidisha tatizo. Na majani machanga yakiwa madogo, membamba, yenye mabaka ya manjano kati ya mishipa, yaelekea mti umepungukiwa na zinki.

Kabla ya kuulaumu udongo, tazama pia shina. Je, maji husimama pale kwa siku nyingi baada ya mvua? Je, udongo umefunika mahali mche ulipobebeshwa? Je, gome limepasuka na kutoa utomvu kama gundi? Ukiyaona hayo, mizizi au gome linaoza, na mbolea haitasaidia kitu. Ondoa udongo uliorundikwa, chimba mfereji wa kutoa maji, na unapomwagilia uyaweke maji mbali na shina.

Sasa nafika kwenye manjano ya hatari, yale ya ugonjwa wa ukijani. Mara nyingi huanza katika tawi moja huku matawi mengine yakiwa mazima. Mabaka yake hayalingani pande mbili za jani. Chukua kalamu, uchore kiduara upande mmoja wa mshipa wa kati, kisha kingine upande wa pili mahali palepale. Katika njaa ya kawaida, pande zote mbili hufanana. Katika ugonjwa huu hutofautiana. Yatazame matunda pia: huwa madogo, yamepinda upande, hubaki kijani yakiwa yameiva, na ladha yake ni chungu.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Huenezwa na mdudu mdogo mwenye mabawa, asiyefikia ukubwa wa punje ya mchele, anyonyaye utomvu wa machipukizi. Huenezwa pia na sisi wenyewe tunapobebesha miche kwa vijiti vilivyokatwa kwenye mti mgonjwa. Zamani ulijulikana zaidi katika sehemu zetu za juu zenye baridi, kwa sababu mdudu wa Kiafrika auenezaye hapendi joto kali. Lakini mwaka wa 2017 wataalamu walitangaza kwamba mdudu mwingine, wa asili ya Asia na astahimiliye joto, ameonekana Kenya. Basi watu wa pwani nao wasijione salama.

Madhara yake si hadithi. Huko Florida, Marekani, ugonjwa huu uligunduliwa mwaka wa 2005. Msimu wa 2003-04 walivuna zaidi ya makasha milioni 240 ya machungwa. Msimu wa 2023-24 hawakufikia milioni 20. Tufani nazo ziliwadhuru, lakini ugonjwa huu ndio ulioongoza hasara. Kama wenye mashine na maabara walishindwa hivyo, sisi tutashinda kwa njia gani ila kwa kuwahi mapema?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mti ukionyesha dalili hizo, usiufiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba, ili jani lipimwe kabla ya shoka kutumika, maana upungufu wa zinki waweza kufanana na ugonjwa huu. Ikithibitishwa, pulizia dawa ya wadudu kwanza ili wasihamie kwa jirani, kisha uung'oe mti pamoja na kisiki chake, kisichipuke tena.

Najua ni vigumu kumwambia mama aung'oe mti ambao bado unampa matunda machache. Ndiyo maana naona si haki kutoa amri ya kung'oa tu na kwenda zako. Serikali za kaunti zigawapo miche, wa kwanza kupewa wawe wale waliokubali kung'oa miti yao kwa faida ya majirani. Hapo hakuna atakayeona sababu ya kuficha. Nasi wakulima tutimize wajibu wetu: tuache kununua miche ya bei rahisi kando ya barabara bila kujua ilikotoka. Tununue kwenye vitalu vilivyokaguliwa, au tuulize katika vituo vya utafiti vya KALRO.

Mche safi bei yake ni kubwa zaidi, hilo ni kweli. Lakini mchungwa hulelewa miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, na miaka hiyo hairudishwi na mtu. Basi kesho asubuhi uzunguke mti wako, uchume majani matano, uyatazame vizuri juani. Ukishajua mti unalilia nini, ndipo ufungue mfuko wa fedha.